Ejenti wa AI anasoma faili nzima nzima na kumaliza tokeni: mpe muhtasari kwanza

Ndugu wa Mbale ameuliza kwa nini ejenti wa AI (programu inayosoma na kuhariri msimbo yenyewe) anayemtumia kwenye mradi wake wa Django, mfumo wa Python wa kujengea tovuti, hufungua faili moja baada ya nyingine mpaka tokeni, yaani vipande vya maandishi vinavyohesabiwa kwenye malipo, zinakwisha, halafu anabadilisha fankisheni isiyohusika. Ameuliza pia kama alipie mpango wa bei ya juu, na kama aigawe views.py yake ambayo imekuwa kubwa mno.

Ndugu yangu, hela yako iache kwanza. Ejenti huingia kwenye mradi akiwa mgeni kila anapoanza kazi, na asipopewa njia ya kujua kilichomo ndani ya faili, atazisoma zote. Kila anachosoma kinabaki kwenye mazungumzo na kinatumwa tena katika kila hatua inayofuata. Sisi wa Uganda tunaolipia tokeni kwa dola huku tukilipwa shilingi, na bando lenyewe lina ushuru wa asilimia 12 tangu 2021, tunaona haraka hela inakokwenda. Kibaya zaidi ni kwamba kumjazia maandishi kunampunguzia umakini. Nelson Liu wa Stanford na wenzake walionyesha mwaka 2023 kwamba modeli za lugha hutumia vizuri zaidi habari iliyo mwanzoni au mwishoni mwa maandishi marefu, na hupitwa na ile iliyo katikati. Ukilipia nafasi kubwa zaidi ya maandishi, unapanua na hiyo katikati.

Mimi niko Kampala, natunza mfumo wa SACCO ambayo wanachama wake wengi wako Busia na Tororo na huweka akiba kwa simu. Faili ya malipo ina mistari zaidi ya elfu tatu. Ejenti wangu haruhusiwi kuifungua yote. Anaendesha amri moja, na anachopata ni muhtasari, yaani orodha ya klasi na fankisheni pamoja na mistari zinapoanzia na kuishia:

malipo/huduma.py
41-380 klasi PokeziLaMalipo
  58-96 hakiki_saini(ombi)
  98-171 tafuta_mwanachama(namba_ya_simu)
  173-240 andika_akiba(mwanachama, kiasi, kumbukumbu)
1905-1988 rudisha_malipo(muamala)

Nilimpa kazi ya kutafuta kwa nini taarifa ya malipo ikiingia mara mbili kutoka kampuni ya simu, akiba nayo inaandikwa mara mbili. Alitazama muhtasari, akafungua mistari 173 hadi 240 tu, akaona kwamba namba ya kumbukumbu inahifadhiwa bila kuangalia kwanza kama imeshawahi kuandikwa. Mistari chini ya sabini ilimtosha.

Kuhusu chombo, huhitaji kitu kikubwa. Universal Ctags, programu ya kuorodhesha fankisheni na klasi zilizo kwenye msimbo, ndiyo njia ya haraka: inajua lugha nyingi, na ukiiambia --fields=+ne inakupa mstari wa kuanzia na wa kumalizia kwa lugha inazoweza. Kwa Python peke yake unaweza kuandika skripti fupi kwa moduli ya ast iliyo ndani ya lugha yenyewe, ambayo huchambua muundo wa msimbo. Tangu toleo la 3.8, kila fankisheni inakuja na lineno na end_lineno, huna haja ya kukisia inaishia wapi. Lakini ast ina udhaifu mmoja unaouma hasa kwenye kazi ya maejenti: ejenti akiwa katikati ya kubadilisha faili na mabano hayajafungwa, ast.parse inakataa faili yote, na ni wakati huo huo anapouhitaji muhtasari. Ndiyo maana nilihamia tree-sitter, ambayo hujenga mti wa msimbo hata penye kosa na kuendelea na sehemu zilizo nzima. Aider, ejenti mwingine wa kuandika msimbo, nayo imepita njia hiyo hiyo: ilianza na ctags, ikahamia tree-sitter, na juu yake ikaweka hesabu ya kupima fankisheni zipi zinatajwa zaidi na nyingine ili ramani ya mradi mzima ikae ndani ya tokeni kama elfu moja.

Orodha ya faili ichukue kwa git ls-files, siyo kwa kupekua folda. Hapo node_modules na takataka nyingine ulizozitaja kwenye .gitignore hazitakuja. Migrations za Django (faili za mabadiliko ya hifadhidata) ziondoe mwenyewe, kwa sababu hizo git inazijua.

Sasa umbo la matokeo, ambalo watu hulipuuza. Weka jina, vigezo, mistari, na sentensi ya kwanza ya maelezo kama ipo. Rangi, mistari ya mapambo na njia ndefu ya folda iliyorudiwa kila mstari, vyote toa. Sisi tunaotaja fankisheni kwa Kiswahili au Luganda tuna sababu ya ziada ya kubana: vikata-tokeni vya modeli nyingi vimefunzwa zaidi kwa Kiingereza, kwa hiyo tafuta_mwanachama hukatwa vipande vingi kuliko jina la Kiingereza la urefu ule ule. Weka pia kikomo cha mistari, na ukikata, sema wazi: "zimebaki 46, taja folda au klasi." Ukikata kimyakimya, ejenti ataamini kwamba kilichokosekana hakipo, na ataandika fankisheni mpya pembeni ya ile iliyopo.

Kisha mwambie ejenti kwamba chombo kipo. Kwenye AGENTS.md yetu, faili ya maelekezo ambayo ejenti huisoma, kuna maneno haya: "Faili ikizidi mistari 200, endesha muhtasari kwanza, halafu soma mistari unayoihitaji tu." Muhtasari wenyewe usiuhifadhi humo. Utaundwa upya kila unapoitwa, maana namba za mistari hubadilika kila unapohariri, na namba ya jana itampeleka katikati ya fankisheni nyingine.

Muhtasari hauonyeshi nani anaita nini. Kwa hilo bado mwachie ripgrep, chombo cha kutafuta neno ndani ya faili zote, lakini muhtasari ufuatane nayo: atafute andika_akiba, apate namba za mistari, kisha aulize muhtasari mistari hiyo iko ndani ya fankisheni ipi. Na mambo ambayo hayamo kwenye msimbo, kama vile kwa nini mkopo wa msimu wa kahawa una tarehe tofauti za kulipa, hayo yaandike mwenyewe kwa sentensi mbili tatu juu ya klasi husika. Yataingia kwenye muhtasari.

Kuhusu views.py, igawe ikiwa wewe na wenzako mnapotea ndani yake. Kwa ajili ya ejenti peke yake sioni haja: akiwa na muhtasari, mistari elfu nne katika faili moja ni sawa na mistari hiyo hiyo katika faili kumi. Na ukiamua kuigawa, andika majaribio ya njia za malipo kabla hujagusa chochote.