Minmi anakula au inakula?

Mama mmoja wa Umoja, hapa Nairobi, ameniandikia kuhusu insha ya mwanawe wa gredi ya 7. Kijana alieleza gemu anayoipenda, ya kujenga hifadhi na kufuga dinosau, na akamchagua minmi, dinosau mdogo mla majani mwenye magamba ya mfupa. Aliandika: "Minmi yangu inakula. Kidinosau hiki kinatembea polepole." Mwalimu alisahihisha sentensi ya kwanza ikawa "Minmi wangu anakula", ya pili akaiacha. Mama anauliza: kwani huyo si picha tu kwenye skrini? Na kama mnyama ni wa ngeli ya A-WA, mbona "kinatembea" kimepita?

Mama, mwalimu yuko sawa katika sentensi zote mbili.

Majina ya wanyama huchukua upatanisho wa A-WA hata umbo la jina likielekea kwingine. Mjusi na mijusi yanafanana na mti na miti, lakini mijusi wamepanda ukutani, hatusemi "imepanda" kamwe. Kwa hiyo hata ukiwaita mijusi wale dinosau wa Tendaguru, kule Lindi, Tanzania, ambao Wajerumani walianza kuchimba mifupa yao mwaka 1909, waite mijusi wakubwa, si mijusi mikubwa.

Kuhusu picha, toa sarafu ya shilingi 5 mkobani uitazame. Kifaru aliye pale ana pembe. Sarafu ndiyo iliyoanguka, picha ndiyo iliyofifia, ila kifaru mwenyewe, ingawa ni chuma kilichochorwa, bado ni "yeye". Minmi wa kwenye skrini ni vivyo hivyo: gemu imekwama, lakini minmi amelala. Wala kufa hakumwondoi mnyama katika A-WA. Minmi aliishi Australia zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Mifupa yake ilipatikana mwaka 1964, akapewa jina mwaka 1980, na urefu wake ulikuwa kama mita 3. Mifupa ilipatikana, yeye aliishi. Ukienda na kijana pale Makumbusho ya Nairobi, mwoneshe Ahmed, ndovu wa Marsabit: Ahmed alikufa mwaka 1974, sanamu yake imesimama uani. Mwachie atunge sentensi kama hiyo mwenyewe.

Sasa kidinosau. Hapa watu wengi hujikwaa kwa sababu ya kifaru, kiboko, kipepeo na kinyonga. Hao wana ki- mwanzoni, lakini ki- hiyo ni sehemu ya jina. Haiwafanyi wadogo, ndiyo maana kiboko ameingia mtoni. (Kifaru cha jeshi ni chombo, hicho kimekwama matopeni.) Kidinosau ni tofauti. Mwanao amelichukua neno dinosau akalitia ki- kwa makusudi, ili tumwone mnyama akiwa mdogo, na udogo wa namna hiyo huvuta KI-VI: kijibwa kinabweka, kijitoto kinalia, kidinosau kinatembea. Naipenda sentensi yake hiyo. Ila aamue mapema: akianza na "kidinosau hiki", aendelee na "kina", "chake" na "kimelala" mpaka atakapolirudia jina minmi.

Kuhusu "yangu": mazoea yanatokana na rafiki yangu, dada yangu, baba yangu. Hao ni watu wa karibu, na lugha imewapa ruhusa yao. Mnyama hana ruhusa hiyo. Ni mbwa wangu, paka wangu, minmi wangu. Najua mitaani kwetu kila kitu ni "hii" na "yangu", na mtoto anayesema "hii mbwa inabweka" anaeleweka kutoka Kayole hadi Kawangware. Simkatazi kuongea na wenzake hivyo. Insha ya Kiswahili sanifu ndiyo inayodai "mbwa huyu anabweka", na ni haki afundishwe tofauti hiyo kwa upole, bila kuambiwa kwamba lugha ya mtaani kwao ni uchafu.

Katika nakala uliyonitumia kuna kosa ambalo kalamu nyekundu imeliruka, kwenye mstari wa tano: "Mgongo wake imejaa magamba." Mgongo ni wa U-I, hata ukiwa wa minmi. Umejaa.