Wasomaji Wanauliza: Hesabu, Muziki na Akili ya Msikilizaji

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa tafiti zinazounganisha fani zilizozoeleka kutenganishwa. Tumechagua nne zinazofuatana kwa hoja, na majibu yamepewa nafasi kwa kadiri kila swali lilivyohitaji.

Nina ujauzito wa miezi saba. Dada mmoja tunayesali naye ananihimiza nimwekee mtoto muziki wa Mozart tumboni, kwa madai kwamba watafiti wamethibitisha mtoto atazaliwa na akili ya hesabu. Rekodi zake zinauzwa. Je, ninunue? *Mama mtarajiwa, Morogoro*

Usinunue kwa sababu hiyo, mama. Habari hii ina chanzo kinachojulikana, na ukikifuatilia utaona jinsi ilivyokua njiani. Mwaka 1993 Frances Rauscher, Gordon Shaw na Katherine Ky wa Chuo Kikuu cha California, kampasi ya Irvine, walichapisha ripoti ya ukurasa mmoja katika jarida la *Nature*. Wanafunzi 36 wa chuo walisikiliza kwa dakika kumi sonata ya Mozart ya piano mbili, ile iliyoorodheshwa kama K. 448, katika vipindi vingine walisikiliza maelekezo ya kutuliza mwili, au walikaa kimya. Baada ya kila kipindi walipewa jaribio la kuwaza maumbo, kwa mfano kubaini karatasi iliyokunjwa na kukatwa itaonekanaje ikikunjuliwa. Baada ya Mozart, matokeo yao yakigeuzwa kuwa alama za kipimo cha akili yalikuwa juu kwa alama nane au tisa, na faida hiyo ilitoweka ndani ya dakika 10 hadi 15.

Katika utafiti huo hapakuwa na mtoto mchanga, hapakuwa na mjamzito, wala hapakuwa na swali hata moja la hesabu. Hayo yote yaliongezwa na watu wengine baadaye, na yaliongezwa haraka, kwa kuwa kila mzazi anaitamani habari ya namna hiyo. Kufikia mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia nchini Marekani, Zell Miller, alikuwa anaomba dola 105,000 katika bajeti ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apelekewe rekodi ya muziki wa aina hiyo.

Watafiti wenzao walifanya kazi yao inavyopaswa, yaani walirudia jaribio. Mwaka 1999 Christopher Chabris alikusanya tafiti 16 za namna ileile na kukuta kwamba, zikijumlishwa, faida haifiki hata alama mbili. Mwaka huohuo huko Kanada, Kristin Nantais na Glenn Schellenberg waliwasikilizisha baadhi ya washiriki hadithi iliyosomwa badala ya kimya, na waliopenda hadithi kuliko muziki ndio waliofanya vizuri zaidi baada ya hadithi. Kwa hiyo kilichowasaidia ni kuchangamka baada ya kusikia kitu walichokipenda. Mwaka 2010 wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Vienna walipitia takriban tafiti 40 zenye washiriki wapatao 3,000, nao hawakuona sababu ya kumpa Mozart sifa ya pekee.

Kuna utafiti mwingine unaokuhusu wewe moja kwa moja, nao ni mzuri. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer walionyesha kwamba mtoto mwenye umri usiozidi siku tatu, akipewa chuchu bandia iliyounganishwa na kinasa sauti, hubadilisha mwendo wake wa kunyonya ili asikie sauti ya mama yake kuliko ya mwanamke mwingine. Sauti yako inamfikia mtoto tayari, bila spika ya kubandikwa tumboni. Mwimbie nyimbo unazozipenda, na fedha za rekodi zitumie kwa mahitaji mengine ya uzazi.

Mkuu wetu wa shule anataka kuondoa kipindi cha muziki ili somo la hisabati liongezewe muda. Je, naweza kuwaambia wazazi kwamba muziki huongeza ufaulu wa hisabati? *Mwalimu, Nakuru*

Nakusihi usiseme hivyo, mwalimu, maana hoja hiyo ikivunjwa, somo lako litaondoka nayo. Ni kweli kwamba mwaka 2004 Schellenberg, niliyemtaja hapo juu, aliwagawa kwa bahati nasibu watoto 144 wa miaka sita katika makundi ya kinanda, kuimba, maigizo, na kutosoma lolote kati ya hayo. Baada ya mwaka mmoja waliosoma muziki walikuwa wamepanda kwa alama saba za kipimo cha akili, na wengine kwa alama nne na kidogo. Hata hivyo, mwaka 2020 Giovanni Sala na Fernand Gobet walijumlisha tafiti 54 zenye watoto 6,984, na wakaona kwamba kadiri utafiti ulivyopangwa kwa umakini, hasa pale kundi la kulinganishia lilipofundishwa kitu kingine badala ya kuachwa tu, ndivyo faida kwa masomo mengine ilivyokaribia sifuri.

Waambie wazazi ukweli ulio imara: kipindi cha muziki huwafundisha watoto muziki, na muziki ni elimu. Hakuna anayelitaka somo la hisabati lijitetee kwa kuthibitisha kwamba linaboresha uimbaji.

Ninachukua mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati, kidato cha sita, na ninapiga ngoma kanisani. Mwalimu anasema ni lazima nichague kimoja. Mjomba wangu aliyeoa Masaka alinipeleka kwenye sherehe ambako walipiga marimba makubwa ya Kiganda, na nilisikia wimbo ambao, nilipowatazama wapigaji mikono, sikuona nani anaupiga. Je, kuna utafiti wowote wa kweli unaokutanisha hesabu na muziki? *Mwanafunzi, Bukoba*

Upo, kijana wangu, na ulichokisikia ni miongoni mwa mifano yake bora duniani.

Marimba hayo huitwa *amadinda*. Yana vibao 12 vilivyolazwa juu ya mashina mawili ya migomba, na hupigwa na watu watatu. Wawili huketi wakitazamana. Wa kwanza, *omunazi*, huanza kupiga mfululizo wa noti zenye nafasi sawa. Wa pili, *omwawuzi*, huingiza noti zake katikati kabisa ya zile za mwenzake, hivyo hakuna mapigo yao mawili yanayogongana. Zikiunganika, noti zao zinaweza kukaribia 600 kwa dakika, yaani kumi kwa kila sekunde. Wa tatu, *omukoonezi*, ana vibao viwili tu vya juu kabisa, na kazi yake ni kuokota zile noti za sauti mbili za chini zinazojitokeza katika mchanganyiko wa wenzake na kuzirudia oktava mbili juu.

Tuanze na upande wa hesabu. Oktava ni pale sauti inapotetema mara mbili ya nyingine. Tangu zama za wafuasi wa Pythagoras ilijulikana pia kwamba uwiano wa 3 kwa 2 hutoa mwafaka mtamu, lakini uwiano huo una mgogoro usiotatulika: ukizidisha 3/2 yenyewe kwa yenyewe mara 12 unapata takriban 129.75, ilhali oktava saba ni 128 kamili. Hakuna kipeo cha 3 kitakachowahi kulingana na kipeo cha 2, hata ukikokotoa maisha yako yote. Ndiyo maana Zhu Zaiyu wa China, mwaka 1584, alikokotoa kipeuo cha kumi na mbili cha 2 ili aigawe oktava katika hatua 12 zilizo sawa, na piano ya leo hufuata mgawanyo huo.

Baganda wao wana noti tano katika oktava. Mwaka 1950 Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala, alichapisha katika jarida lilelile la *Nature* vipimo vya kinubi cha Kiganda, akionyesha kwamba hatua zake tano zinakaribiana sana kwa ukubwa. Watafiti hugawa oktava katika vipande 1,200 viitwavyo senti, ambavyo hukokotolewa kwa logariti. Mgawanyo wa tano ulio sawa kabisa ungekuwa na senti 240 kila hatua. Kwenye piano utapata 200 na utapata 300, lakini 240 haipo, na ndiyo sababu sikio lililozoea kinanda cha kanisani huona marimba hayo kama yana ugeni fulani. Vyombo halisi hupishana kidogo, kwa kuwa fundi huchonga kibao kwa kusikiliza tu. Usahihi huo uliopatikana kwa sikio, bila kikokotoo, nauhesabu kuwa maarifa ya hali ya juu.

Sasa nije kwenye ule wimbo usio na mpigaji. Mnamo 1959 na 1960 kijana wa Austria, Gerhard Kubik, alifika Kampala na kukubali kuwa mwanafunzi wa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa kasri la Kabaka. Kwa kuwa alipiga kwa mikono yake mwenyewe, Kubik alijua kwa hakika kwamba nyimbo fulani alizozisikia hazikuwa katika sehemu yake wala ya mwenzake. Mwaka 1962 aliandika kuhusu jambo hilo: noti zinapopita kwa kasi, sikio huziunganisha za juu na za juu, za chini na za chini, na kila kundi likawa wimbo unaojitegemea. Watunzi wa Buganda walilijua hilo zamani, maana kazi yote ya *omukoonezi* imejengwa juu yake.

Miaka tisa baadaye, huko Montreal, mwanasaikolojia Albert Bregman wa Chuo Kikuu cha McGill pamoja na Jeffrey Campbell waliwachezea watu noti tatu za juu na tatu za chini zikipishana upesi. Wasikilizaji walisikia mikondo miwili, na hawakuweza kueleza noti ipi ya juu ilifuatwa na ipi ya chini, ingawa zilikuwa zinapishana masikioni mwao. Maabara ya Kanada na kasri la Kabaka huko Mengo yalikuwa yamefikia tabia moja ya ubongo kwa njia mbili tofauti.

Linganisha na ile habari ya Mozart. Hapa kila fani ilitimiza wajibu wake juu ya kitu kilekile: mmoja alipima mitetemo, mwingine alijifunza kupiga hadi mikono ikazoea, mwingine aliwajaribu wasikilizaji. Kule, matokeo ya dakika kumi yalirushwa kutoka fani moja hadi nyingine bila mtu kuyapima huko yalikotua. Kwa hiyo usiache hisabati, na usiache ngoma, kwa kuwa mtafiti wa mambo haya huhitaji vyote viwili. Mwambie mwalimu wako kwa heshima kwamba logariti anazokufundisha ndizo zinazopimia marimba.

Je, mtu asiye na maabara anaweza kujaribu lolote katika haya? *Msomaji, Tabora*

Anaweza. Tafuta marimba au zeze la mtu wa jirani, umwombe ruhusa mwenyewe, na umweleze unachokusudia. Rekodi kila noti peke yake kwa simu mahali palipo kimya, kisha tumia programu ya kupimia sauti, ile wanayotumia wapiga gitaa, isome mitetemo kwa sekunde. Gawa kubwa kwa ndogo, tafuta logariti ya jibu katika kizio cha 2, kisha zidisha kwa 1,200. Tuseme kibao kimoja kinasoma 200 na kinachofuata 230: uwiano ni 1.15, na hatua ni takriban senti 242. Rudia kila kipimo mara kadhaa, maana pigo zito na pigo jepesi huweza kutofautiana kidogo, na uandike hata vile vipimo visivyokupendeza. Ukishamaliza, mpigie mwenye chombo noti zilezile kutoka kwenye simu yako na umwulize ipi anaiona imeharibika. Jibu lake liandike kando ya namba zako, kwa kuwa yeye ndiye anayekijua chombo chake.