Unalipia sabuni au unalipia kopo?

Barua za mwezi huu zimeangukia kidevuni: sabuni ngumu ya kunyolea, ile inayokorogwa kwa brashi. Maswali tumeyafupisha, majibu hatukuyabana sana.

Habari za kazi. Nimechoka na povu la kopo la kubonyeza, kila baada ya muda mfupi limekwisha. Nataka kuhamia sabuni ngumu, lakini dukani nimeona kijiti cha bei ndogo, bakuli la bei ya kati, na kisanduku cha mbao ambacho kwa bei yake napata viatu. Nichukue ipi? (Msomaji, Tanga)

Chukua kijiti, ndugu yetu. Kisanduku cha mbao kiache mpaka siku utakapotaka pambo la bafuni.

Ila kabla hujalipa, geuza pakiti usome viambato. Huandikwa kwa kufuata wingi, kilicho kingi kikitangulia. Katika maneno manne matano ya mwanzo tafuta Potassium Stearate, au Potassium Tallowate, au Stearic Acid ikiandamana na Potassium Hydroxide. Asidi ya stiariki ndiyo inayoleta povu zito linalokaa usoni. Potasiamu ndiyo inayofanya sabuni ikubali maji upesi. Sodiamu nayo utaikuta, maana ndiyo inayoigandisha. Sabuni yenye sodiamu tupu huwa kavu, brashi inaizunguka na kuambulia kidogo. Yenye potasiamu tupu hubaki laini, na hiyo kwa kawaida ndiyo krimu ya tyubu. Sabuni nzuri ya kunyolea ina zote mbili. Ukiona jamii ya nazi (Cocoate, au Cocos Nucifera) imetangulia mbele ya vyote, rudisha rafuni: mafuta ya nazi hutoa mapovu makubwa ya haraka, yanapendeza macho, kisha yanapasuka na ngozi inabaki imekauka. Nazi kidogo katikati ya orodha haina ubaya. Glycerin ikiwemo, ni heri, kwa sababu hushika unyevu.

Baada ya hapo ni hesabu ya gramu. Kijiti cha Arko, cha kampuni ya Evyap ya Uturuki, kina gramu 75. Derby, pia wa Uturuki, hali kadhalika. Palmolive, Speick wa Ujerumani na La Toja wa Hispania vijiti vyao ni gramu 50. Bakuli la plastiki la Wilkinson Sword lina gramu 125, sawa na Tabac ya Kijerumani na Mitchell's Wool Fat ya Kiingereza, ambazo ni za bei ya juu. Tuseme, kwa mfano tu, kijiti cha gramu 75 kinauzwa shilingi 9,000 na bakuli la gramu 125 shilingi 20,000. Kijiti ni shilingi 120 kwa gramu, bakuli ni 160. Mtu mwenye mkono mzito hutumia kama gramu moja kila anaponyoa. Ukinyoa mara tatu kwa wiki, kijiti hicho kinakufikisha wiki 25. Anayenunua kwa kutazama ukubwa wa kopo hulipia plastiki na hewa.

Kasoro ya Arko ni harufu: kali, ya mchaichai na sabuni za zamani, na wengine haiwaingii kabisa. Ukiifungua ukaiacha wazi kabatini wiki mbili, inapungua. Povu lake halina hitilafu. Tabac na Mitchell's zinanukia vizuri zaidi, na Mitchell's ina mafuta ya sufu ya kondoo yanayoiacha ngozi laini, lakini kwa mtu anayeanza tofauti hiyo ni ndogo kuliko tofauti ya bei.

Nimenunua sabuni nzuri na brashi nzuri. Nikipaka shavu la kulia povu linajaa. Nikifika la kushoto, la kulia limeshakauka na wembe unakwaruza. Twatumia maji ya kisima. Ni sabuni mbovu? (Msomaji, Mombasa)

Sabuni usiitupe. Hapa washukiwa ni wawili, maji na mkono, na pengine wote wana hatia.

Kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe hutoa maji yenye chokaa. Kalisi na magnesi zilizomo hushikana na sabuni na kuwa utando mweupe usioyeyuka, ule ule unaouona ukingoni mwa beseni la kufulia. Kila chembe iliyogeuka utando si sabuni tena, haitoi povu. Jipimie mwenyewe: chupa mbili ndogo, moja maji ya kisima, nyingine maji ya mvua, nusu chupa kila moja. Kwangulia humo vipande vya sabuni vya ukubwa wa punje ya choroko, kiasi sawa, zifunge, tikisa mara 20. Ya mvua itajaa povu na maji yatabaki karibu safi. Ya kisima ikiwa na povu haba na maji yenye ukungu kama ya kuoshea mchele, umempata mkosaji wa kwanza.

Dawa ni maji ya mvua. Kunyoa kunataka nusu lita tu, dumu moja la lita 20 ni kunyoa mara 40. Kuchemsha kunasaidia kwa sehemu: chokaa fulani hujitenga na kutua chini, ukayamimina maji ya juu taratibu. Chumvi haiondoki kwa kuchemsha, wala chokaa yote. Na ikiwa huna budi kutumia ya kisima, zidisha sabuni.

Sasa mkono. Mwaga kijiko kimoja cha chai cha maji ya vuguvugu juu ya sabuni, iache dakika mbili. Brashi ilowe, kisha ikung'ute mara mbili tatu isidondoke. Yamwage yale maji ya juu ya sabuni, anza kuzungusha brashi, usiikandamize kiasi cha nywele kupanuka sana. Kwa maji laini, yaani yasiyo na chokaa, sekunde 20 hadi 30. Kwa maji ya kisima, 45. Usiache kwa sababu umeona povu. Povu la mwanzo ni hewa. Acha pale ncha za brashi zinaposhika kitu kizito kinachonata, kama dawa ya meno.

Ndipo uhamie usoni au kwenye bakuli, na hapa wengi huharibu kwa kumimina maji. Chovya ncha za brashi tu, matone machache, zungusha sekunde kumi, chovya tena. Mara nne au tano hivi. Mwanzo povu litakuwa limekufa rangi, kama chaki. Kadiri linavyopokea maji linaanza kung'aa. Linapofanana na mtindi mzito, halina tundu hata moja linaloonekana, na ukiinua brashi linasimama kisha ncha yake inainama, limeiva. Chukua kidogo usugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Likiteleza, nyoa. Likinata, maji bado. Likiwa na mapovu na linachuruzika, sabuni ilikuwa kidogo, rudi kwenye kijiti ukaongeze.

Ulichokieleza wewe, kukauka kabla ya kufika upande wa pili, ni dalili ya maji machache kwenye povu linaloonekana jingi. Feni nayo ikiwa inakupigia usoni, izime.

Assalaam aleikum. Naishi Muscat, hizi sabuni za vijiti zinapatikana. Nimeambiwa zina mafuta ya nguruwe. Kweli? (Msomaji, Oman)

Waaleikum salaam. Neno Tallowate kwenye pakiti maana yake mafuta ya mnyama, kwa kawaida ng'ombe au kondoo, lakini pakiti haikutajii ni mnyama gani wala alichinjwa vipi. Mafuta ya nguruwe yana neno lake, Lardate. Ukitaka kukaa mbali na yote, tafuta Palmate, Palm Kernelate, Olivate na kadhalika, na pakiti iwe imeandikwa kwamba viambato vyote ni vya mimea, kwa sababu Stearic Acid yenyewe hutoka kwenye mawese au kwenye mafuta ya mnyama na jina halibadiliki. Watengenezaji hubadilisha mchanganyiko bila kubadilisha jina la bidhaa, kwa hiyo soma kila unaponunua.

Wengi hukagua sabuni wakasahau brashi. Brashi nyingi za bei nafuu ni nywele za nguruwe, na kwenye pakiti huandikwa Boar au Pure Bristle. Chukua ya nyuzi za kutengenezwa kiwandani, Synthetic. Hiyo haihitaji kulowekwa, hukauka upesi, na kwa mwanafunzi wa povu ndiyo rahisi kuliko zote.

Kwani sabuni ya kuogea ina ubaya gani? Au mche? Au niyeyushe sabuni ya kuogea niongeze glisirini? (Msomaji, Kigoma)

Sabuni ya kuogea imetengenezwa isuuzike haraka, na kunyoa kunataka kinyume chake. Nyingi ni za sodiamu tupu, na povu lake husinyaa ndani ya dakika moja au mbili. Ukiwa safarini itakuvusha: paka sehemu ndogo, nyoa, paka nyingine. Mche ni wa nguo. Magadi yake ni makali kwa uso uliotoka kupitiwa na wembe, uache kwenye beseni.

Kuyeyusha, hapana. Sabuni ya kiwandani iliyosagwa na kushindiliwa haiyeyuki kama mshumaa. Inakuwa bonge la kunata na inaungua chini ya sufuria. Glisirini utakayoongeza haitaleta stiariki wala potasiamu.

Ukitaka kijiti chako kikae bakulini, usikipashe moto. Kikwangue kwa grata ya karoti, nyunyizia kijiko kimoja cha chai cha maji, kishindilie kwa mgongo wa kijiko kwenye kikombe kipana, kiache siku moja kikauke.

Shikamooni. Mwanangu wa miaka 18 anatoka vipele shingoni kila akinyoa. Nimembadilishia sabuni mara tatu. Ipi itamfaa? (Mama, Morogoro)

Marahaba, mama. Ya nne usinunue kwanza. Vipele hivyo mara nyingi havitokani na sabuni. Nywele iliyojikunja ikikatwa chini sana hurudi ikachoma ngozi, na mwili unaichukulia kama mwiba. Mwambie apumzike kunyoa mpaka vitulie, hata kama ni wiki nne.

Akirudi, aweke kitambaa cha maji ya vuguvugu shingoni dakika tatu, apake povu, aliache dakika mbili nywele zilainike. Kabla ya hapo awe ameshapapasa shingo kavu kwa kiganja ajue ndevu zinaelekea wapi. Za shingoni mara nyingi hupanda juu au kulala upande, na vijana hunyoa kwa kushuka tu. Afuate zinakoelekea, apitishe mara moja, asivute ngozi, asikandamize. Ukungu mdogo wa ndevu ukibaki, ubaki. Wembe mpya baada ya kunyoa mara nne au tano. Akimaliza asuuze kwa maji baridi, apitishe shabu iliyolowa, lile jiwe la kinyozi, na baada ya dakika moja alisuuze.

Sabuni yenye manukato makali huwasha ngozi iliyokwisha kuchubuka, kwa hiyo kwake yeye isiyo na harufu ni bora. Vipele vikitunga usaha au vikiacha uvimbe mgumu unaokua, ni vya daktari wa ngozi.

Mimi ni kinyozi. Nataka kutumia kijiti kupunguza gharama, lakini wateja ni wengi. (Msomaji, Nairobi)

Kijiti kisiguse uso wa mteja yeyote. Kikwangue chote, weka kwenye mtungi wenye kifuniko, na kila mteja mtolee kiasi cha nusu kijiko cha chai kwenye kikombe safi. Kinachobaki kikombeni unamwaga. Brashi ziwe kadhaa, za nyuzi za kiwandani, moja kwa mteja mmoja. Ioshe kwa sabuni mpaka shinani, kisha iloweke dakika kumi kwenye dawa ya klorini: kama chupa inaonyesha asilimia 3.5, kipimo kimoja cha dawa kwa sita vya maji. Isuuze sana, la sivyo mteja anayefuata atawashwa. Wembe ule unaouvunja nusu uuvunje mbele ya mteja, na ukitumika uende kwenye kopo la bati. Homa ya ini aina ya B haihitaji damu nyingi ili iambukize.

Sabuni yangu inatoka jasho na imekuwa laini kama ugali wa jana. Imeharibika? (Msomaji, Unguja)

Haijaharibika. Glisirini huvuta unyevu wa hewani, na hewa ya pwani inao wa kutosha. Tatizo ni kuifunika ikiwa mbichi. Baada ya kunyoa mwaga maji yote bakulini, iache wazi mahali penye upepo mpaka kesho yake, ndipo uifunike. Kijiti kisimamishe wima, karatasi yake ukiwa umeimenya sentimita mbili tatu, na kisikae kwenye kidimbwi cha sinki. Sabuni iliyolainika inafanya kazi vilevile, ila inaliwa haraka.

Ya kutupa ni ile iliyotoka madoa ya rangi ya chungwa na kunuka mafuta yaliyokaa. Hayo ni mafuta yaliyochacha. Kama madoa ni mawili matatu na yako juu juu, yakwangue kwa kisu kisha uinuse tena.