Deni Lililolipwa na Daftari Nililoshindwa Kulifunga

Kwa miaka saba niliandika dhambi zangu kwenye daftari. Kila ukurasa niliugawa kwa rula katikati: kushoto kosa, kulia nilichofanya kulifidia. Kushoto, "nimemjibu mama kwa ukali". Kulia, "nimefunga kutwa". Kushoto, "nimesema uongo kazini". Kulia, "nimetoa sadaka mara mbili". Nikiridhika kwamba pande mbili zimelingana, nilikata mstari ule kwa wino mwekundu, nikalala.

Mstari mmoja tu haukuwahi kukatwa. Ulikuwa wa kwanza kabisa, na kila daftari lilipojaa niliuhamishia kwenye jipya, kama mhasibu anavyohamisha salio. Leo nauandika mbele ya watu kwa sababu najua baadhi yenu mnaosoma hapa mnao mstari kama huo, hata kama hamjawahi kuushikia kalamu.

Nilikuwa mhazini wa kikundi kidogo cha waumini. Nilichukua fedha za kikundi nikijiambia nitazirudisha kabla mwezi haujaisha, na upungufu ukaonekana kabla sijazirudisha. Kikao kikaitwa. Mwenyekiti akauliza ni nani mwingine mwenye ufunguo wa sanduku. Katibu wetu akanyosha mkono, kwa kuwa kweli alikuwa nao. Macho yote yakamgeukia. Nakumbuka mkono ule ulivyobaki juu kitambo, kisha ukashuka polepole, mwenyewe akiwa bado hajaelewa kilichompata. Nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake. Sikufungua kinywa. Kabla kikao hakijafungwa alikuwa ameshaondolewa kikundini.

Baadaye fedha zile nilizirudisha ndani ya bahasha isiyo na jina. Watu wakasema ni yeye, dhamiri imemsuta. Kwa hiyo hata marejesho yangu ya woga yaligeuka ushahidi mwingine juu ya mtu asiye na hatia.

Hapo ndipo nilipoanza kulipa. Nilifunga na kukesha, nikaongoza maombi, nikatembelea wagonjwa, nikajitolea kwa kila kazi ambayo wengine waliikimbia. Walionisifu kwa bidii hawakujua kwamba ninalipa kwa awamu. Daudi anasema katika Zaburi ya 32, "Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa." Mifupa yangu ilichakaa huku midomo yangu ikiimba.

Kilichonifungua macho ni sura ya 10 ya Waraka kwa Waebrania. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi, lakini safari hiyo mstari wa 3 ulinishika: "Lakini katika dhabihu hizo liko kumbukumbu la dhambi kila mwaka." Mwandishi anazungumzia Siku ya Upatanisho, siku ya kumi ya mwezi wa saba, ambayo taratibu zake zimeandikwa katika Mambo ya Walawi 16. Kuhani mkuu aliingia nyuma ya pazia na damu. Kisha aliweka mikono yake miwili juu ya kichwa cha mbuzi aliye hai, akaungama juu yake maovu yote ya Israeli, na mbuzi yule akapelekwa jangwani. Mwaka uliofuata, yote yakaanza upya. Waebrania inasema kule kurudia kwenyewe kulitangaza kwamba deni bado lipo. Nikatazama daftari langu mezani. Nilidhani ni hati ya malipo, kumbe lilikuwa kumbukumbu la dhambi, na mwandishi wake ni mimi.

Nikaendelea hadi mstari wa 11 na wa 12. Kila kuhani husimama kila siku akitoa dhabihu zile zile, "lakini huyu, alipokwisha kutoa kwa ajili ya dhambi dhabihu moja idumuyo hata milele, aliketi mkono wa kuume wa Mungu." Rudi Kitabu cha Kutoka uhesabu vyombo vya hema ya kukutania, ile hema ya ibada ya Israeli jangwani: kuna meza ya mikate, kinara cha taa, madhabahu ya uvumba, sanduku la agano, madhabahu ya kuteketezea, birika la kunawia. Hakuna kiti cha kuhani. Kazi yake haikuwa na mahali pa kuishia, basi akae wapi? Kristo aliketi kwa sababu aliimaliza. Mimi nilikuwa bado nimesimama, miaka saba, mbele ya madhabahu ambayo Bwana wake ameshaketi.

Neno letu "ukombozi" tumelizoea kiasi kwamba halituchomi tena. Kumkomboa mtu ni kutoa kitu ili awe huru. Yesu alipojieleza katika Marko 10:45 alisema amekuja "kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi", na neno la Kigiriki alilotumia mwinjili, lutron, lilikuwa neno la kawaida kwa malipo ya kumwachilia mtumwa au mateka. Petro anaongeza kwamba hatukukombolewa kwa fedha wala dhahabu, bali kwa damu ya thamani. Mateka hachangii fidia yake. Angekuwa na uwezo wa kujilipia, asingekuwa bado kifungoni. Hili nilikuwa nimelihubiri kwa wengine bila kuliamini juu ya mstari wangu wa kwanza.

Msalabani Yesu alisema, "Imekwisha." Kwa Kigiriki nalo ni neno moja, tetelestai, na umbo lake la kitenzi linaonyesha jambo lililotimia ambalo matokeo yake yanadumu. Na Paulo, katika Wakolosai 2:14, anasema Mungu aliifuta ile hati iliyoandikwa ya kutushitaki, "akaiondoa isiwepo tena, akaigongomea msalabani." Hati yenye maandishi kama daftari langu! Kwa miaka saba nilikuwa nikinakili upya kilichokwisha kufutwa.

Niseme kidogo kuhusu swali ambalo wengi huliuliza, nami nililiuliza kwa uchungu kuliko wengi. Inakuwaje haki, mtu asiye na kosa kubeba kosa la mwingine? Mimi nilishaona jambo hilo kwa macho. Nilimwona mtu asiye na hatia akibeba wizi wangu, na hakukuwa na wokovu wowote ndani yake. Ulikuwa uonevu mtupu. Kwa hiyo niliposikia "alikufa kwa ajili yako", kitu ndani yangu kilijikunyata. Nilikuwa na wawili sasa walioumia kwa ajili yangu.

Jibu lilikuja taratibu, na naliona kuwa kiini cha jambo lote. Mwenzangu hakuchagua. Alisukumiwa mzigo bila kujua umetoka wapi. Yesu anasema kuhusu uhai wake katika Yohana 10:18, "Hakuna mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe." Alijua ni kosa la nani na lina uzito gani, naye akanyosha mikono akijua. Tena hakuwa mtu wa pembeni aliyekamatwa ili Mungu apate wa kumwadhibu. 2 Wakorintho 5:19 inasema Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Aliyekosewa ndiye aliyebeba gharama. Ukimsamehe mtu deni, fedha ile haiyeyuki hewani. Wewe mwenye kudai ndiye unayebaki bila hiyo fedha. Msalaba ni Mungu mwenyewe akibaki na hasara yetu. Nilipoliona hilo niliacha kuogopa dhabihu ya Kristo kana kwamba ni dhuluma ya pili.

Sasa ushauri, kwa yule ambaye bado analipa.

Itaje dhambi yako kwa jina lake. Kwa miaka yote ile nilikuwa nikiomba, "Bwana, unisamehe makosa yangu yote," na nilikuwa nikijificha humo ndani ya "yote". Usiku nilipopiga magoti na kusema, "Niliiba, na nilinyamaza mtu mwingine akahukumiwa," sauti yangu ilinishtua. Nililia, nikanyamaza, na kwa mara ya kwanza sikutafuta cha kuahidi. 1 Yohana 1:9 inasema tukiziungama dhambi zetu, yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee. Liangalie neno "haki" hapo. Bei imeshalipwa, na Mungu mwenye haki hadai deni moja mara mbili.

Mtu yeyote asikuuzie msamaha. Akikwambia kuna kiasi cha sadaka, idadi ya siku za kufunga, au maombi yake maalumu yanayopaswa kuongezwa juu ya damu ya Kristo ili usamehewe, ondoka hapo. Funga, toa, kesha. Ni mambo mema sana, nami bado nayafanya. Ila fanya kama mwana aliyekwisha pokelewa nyumbani, mwenye nafasi yake mezani.

Kuna shimo lingine upande wa pili, na mimi nilikaribia kutumbukia humo. Baada ya usiku ule nilijisikia mwepesi, nikajiambia, "Kristo amelipa, yamekwisha." Mbele za Mungu ni kweli. Lakini kuna mtu alikuwa bado anaitwa mwizi kwa sababu yangu. Mambo ya Walawi 6 inamwagiza aliyemdhulumu jirani yake arudishe kitu chote na kuongeza sehemu ya tano, kisha alete kondoo dume kwa kuhani. Vyote viwili vilihitajika. Kurudisha hakukuchukua nafasi ya dhabihu, na dhabihu haikumpa mtu ruhusa ya kubaki na mali ya jirani. Zakayo naye, yule mtoza ushuru tajiri wa Luka 19, alisema atawarudishia mara nne aliowadhulumu. Lakini zingatia alilisema lini: Yesu akiwa ameshasema "leo imenipasa kushinda nyumbani mwako", Zakayo akiwa ameshashuka mtini na kumkaribisha kwa furaha. Hakurudisha ili Yesu aingie nyumbani. Yesu alikuwa ameshaingia, na mkono uliozoea kukusanya ukaanza kufunguka.

Mimi nilikuwa nimefanya kinyume kabisa. Mungu ambaye hakudai awamu zangu nilimlipa, na binadamu niliyemdhulumu sikumpa kitu.

Ukienda kwa uliyemkosea, usiende kutafuta kitulizo chako. Nilikosea hapa, na nakuomba usirudie kosa langu. Nilifika kwa yule katibu nikiwa na maneno mengi: jinsi nilivyoteseka, nilivyokosa usingizi, Mungu alivyonigusa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Umemaliza?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Hujasema ulifanya nini." Na kweli, nilikuwa nimesimulia maumivu yangu bila kulitamka lile neno "niliiba" mbele yake. Nikalitamka. Akainama, akashika kichwa kwa mikono miwili. Hatukusemezana kwa muda mrefu.

Nilimwomba msamaha. Akasema hawezi kunijibu siku hiyo. Moyo wangu ukarukia tabia ya zamani: nitamfanyia nini ili anisamehe? Nikaona daftari linataka kufunguliwa tena, safari hii jina la mdai likiwa jingine. Hapo ndipo nilipojua faida ya kusamehewa na Mungu kwanza. Sikuwa na haja ya kumkamua msamaha mtu ambaye jeraha lake lilikuwa limefunguliwa upya dakika chache zilizopita. Ningeweza kumwacha ahuzunike, akasirike, achukue muda wake, nami nisianguke, kwa kuwa ninaposimama si juu ya jibu lake.

Kuna usiku bado ule mkono ulioshuka polepole hunijia. Nikihisi natetemeka, sijibishani na dhamiri yangu wala siileti mezani orodha ya mema yangu. Nasoma kwa sauti 1 Yohana 3:20: hata mioyo yetu ikituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote. Anajua kile kikao. Anaijua na ile bahasha. Alivijua vyote viwili alipomtoa Mwanawe.

Wiki mbili baada ya kuonana, katibu alinipigia simu. Hakuzungumzia msamaha. Alitaka kitu kimoja, maandishi, ili awasomee mke wake na watoto, na yasomwe pia mbele ya wale tuliokuwa nao kikundini. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Nilipokaa kuandika nilikumbuka Paulo anavyomwandikia Filemoni kuhusu Onesimo, mtumwa wa Filemoni, kwamba kama amekudhulumu au unamdai kitu, "ukiandike hicho juu yangu", na jinsi anavyosisitiza kwamba ameandika kwa mkono wake mwenyewe. Nilikuwa nimezoea kuandika nikijificha, kalamu nyekundu, mlango umefungwa. Barua hii niliiandika kwa wino mweusi, nikataja kiasi, tarehe, sanduku, ufunguo, na kunyamaza kwangu. Chini nikaandika jina langu kamili, nikatia sahihi.

Ilisomwa mbele ya kikundi nikiwa nimesimama. Wengine hawanisalimii hadi leo. Yeye hunisalimia, kwa ufupi, na mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa kuniuliza hali ya mama, ambaye anaumwa. Nimeusoma mara nyingi. Nilimjibu kwamba anaendelea vizuri, na nikamshukuru kwa kuuliza.