Re: Maji ya jirani wa juu yameharibu dari na kochi, bima ya jengo italipa?

Dari huenda ikalipwa, ndugu yangu. Kochi sahau. Kwa Sheria ya Sectional Properties ya 2020, ile ya Kenya ya umiliki wa fleti, shirika la wamiliki, yaani wenye fleti wote kwa pamoja, ndilo linalokatia jengo bima. Vitu vya ndani unajikatia mwenyewe. Mwombe meneja nakala ya bima, uanze kusoma pale penye yasiyolipwa. Kwa kawaida bomba likipasuka ghafla wanalipa, lakini maji yaliyovuja polepole kwa miezi huitwa uzembe wa matunzo.

Kwa hiyo chungulia chini ya sinki lako pia. Ule mpira unaounganisha bomba na ukuta, ukiona nati ina kutu, badilisha leo. Ni bei rahisi kuliko ugomvi na wa chini. Halafu mgao wetu wa maji hapa Nairobi! Mtu anaacha bomba wazi likiwa kavu, maji yanarudi usiku wa manane, fleti ya chini inaogelea. Ukisafiri, funga valvu kuu.

Sasa piga picha kabla fundi hajagusa kitu, mwandikie jirani na meneja, na bima uwaarifu mapema. Ukichelewa wanapata sababu ya kukataa.