Harusi ya ufukweni mwezi wa Juni

Dada, umeuliza kama uahirishe harusi yako ya Nyali, Jumamosi ijayo, kwa kuwa utabiri wa juma zima unataja mvua Pwani. Usiahirishe. Utabiri huo ni wa ukanda mzima, Lamu hadi Kwale. Hapo hapo Mombasa, Likoni huweza kulowa na Nyali pakabaki pakavu. Na Mei, mwezi wenye mvua nyingi zaidi Mombasa, umeshapita. Zilizobaki aghalabu ni za kupita, nyingi usiku au asubuhi, kisha jua. Shughuli weka alasiri.

Mimi ningeogopa upepo. Huu ni msimu wa kusi, upepo unaotoka baharini. Harusi ya binamu yangu turubai lilifura kama tanga, kamba ikakatika, viazi karai vyote vikajaa mchanga. Waambie wenye turubai walete viroba vya mchanga, vigingi pekee havishiki. Shela refu nalo, mmh, tafuta mtu wa kulishika.

Halafu angalia mwezi. Ukiwa mpevu au ndio umeandama, ni bamvua, maji yakijaa yanafika hadi ukutani. Waulize wavuvi wa hapo saa ya maji kujaa kabla hujapanga viti.