Kutafuna bila kujua huku kazi zimekurundikia

Umeuliza kwa nini pakiti ya vitafunio huisha mezani bila wewe kuhisi umekula. Ubongo haufanyi kazi mbili za kufikiri kwa pamoja. Huruka kutoka moja hadi nyingine, na kila mruko hula umakini. Ukila katikati ya miruko hiyo, kumbukumbu ya ulichokula haishiki vizuri, ndiyo maana baada ya muda unatafuta tena cha kutafuna.

Usianze kwa kuapa kuacha. Mimina kiasi cha kiganja kimoja kwenye bakuli, pakiti irudi kabatini, tena chumba kingine. Kaa, weka simu mbali, na umeze kabla ya kuchukua kingine.

Kwa kazi, tega saa dakika 25 kwa jambo moja tu. Wazo jingine likija, liandike kwenye karatasi, usilifuate. Wengi hukwama pale kazi inapokuwa ngumu: mkono wenyewe huenda kwenye simu au bakuli. Hiyo mara nyingi si njaa, ni kukwepa. Simama, kunywa maji, subiri dakika 10. Tumbo likidai bado, basi kula, na kazi isubiri.